Firigisi zangu hubaki ngumu, na tui hukatika: nifanyeje kabla ya Ijumaa?

"Mwalimu, asalaam aleikum. Naishi Likoni, nina watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu. Mume wangu anapenda sana firigisi za pilipili, zile anazokula kibandani akitoka kazini. Nimejaribu kuzipika nyumbani na kila mara hutoka ngumu kama mpira. Nachemsha nusu saa, naonja, ngumu. Naongeza dakika kumi, bado ngumu. Basi naziunga hivyo hivyo. Jirani ameniambia nitie magadi. Wifi yangu anasema papai bichi. Dada yangu aliye Nairobi anasema nizichemshe kwa muda wa saa mbili nzima na nisitie chumvi mwanzoni, eti chumvi hukaza nyama. Mara ya mwisho nilitia tui la nazi likakatika, harufu nayo haikunipendeza, na pilipili ikawashinda watoto. Ijumaa nina wageni baada ya swala, na baba mkwe atakuwapo, naye ana jongo. Nifanyeje?"

Wa aleikum salaam, mwanangu. Ahsante kwa kueleza kila kitu, hata dakika ulizochemsha, maana hapo ndipo jibu lilipo. Kupika unajua. Linalokusumbua ni kwamba unafanya kazi mbili kwa mpigo mmoja. Kulainisha firigisi ni kazi, na kuunga mchuzi ni kazi nyingine. Ile ya kwanza inataka maji, moto wa pole na muda. Ya pili inataka mafuta, kitunguu kilichoiva sawasawa na mkono usioacha mwiko. Ukizifanya pamoja, ama viungo huchoka kabla firigisi hazijalainika, ama wewe huogopa viungo kuchoka ukaziepua firigisi zikiwa ngumu. Wewe umeangukia hilo la pili.

Tuitazame firigisi yenyewe kwanza, kwa sababu ukishaielewa hutahitaji kukariri dakika za mtu yeyote. Kuku hana meno. Mahindi, mtama, wadudu na kila anachodonoa huingia ndani kikiwa kizima, na firigisi ndiyo inayosaga, ikisaidiwa na vijiwe na changarawe ambazo kuku humeza. Kwa hiyo usiifananishe na kidari. Huu ni msuli mnene unaojikaza na kujilegeza tangu kifaranga anapoanza kula mpaka siku ya kuchinjwa. Msuli uliofanya kazi namna hiyo huwa na rangi nyekundu ya kukolea na nyuzinyuzi zilizoshikana sana, na baina yake kuna kolajeni nyingi, ile protini inayoifunga nyama pamoja. Ndiyo hiyo hiyo inayofanya supu ya kongoro inate midomoni.

Sasa weka firigisi jikoni. Joto la ndani likifika karibu sentigredi 60 na kupanda, nyuzinyuzi za msuli hujikunja na kukamua maji yake. Hapo nyama inakaza. Kolajeni nayo, katika muda huo, bado haijafanya lolote. Huanza kuyeyuka polepole joto likipita sentigredi 70, na inahitaji kukaa kwenye majimaji ya moto kwa muda mrefu hadi igeuke jelatini, kitu laini kinachoteleza mdomoni. Maana yake firigisi haianzi ngumu ikalainika taratibu kwa mstari ulionyooka. Huanza na ugumu wa kadiri, ikakaza zaidi, kisha baada ya muda ndipo inapoachia. Ile nusu saa yako na dakika kumi za nyongeza zinaangukia katikati ya kile kipindi cha kukaza. Uliziepua wakati mbaya kuliko wote, na ungevumilia zaidi zingekuachia zenyewe.

Muda wenyewe hutegemea kuku. Broila huchinjwa akiwa na wiki tano au sita tu, na chakula chake ni laini, hivyo firigisi yake haijapata kazi kubwa. Hiyo hulainika kwa saa moja hadi saa moja na robo. Kuku wa kienyeji aliyetembea miezi na kudonoa punje ngumu na mchanga ana firigisi kubwa, nene, na huenda ikataka saa mbili. Kuku wa mayai aliyemaliza kutaga ni mzee pia; yeye mhesabu pamoja na wa kienyeji. Unaponunua, muulize muuzaji ni za kuku gani, na usichanganye za aina mbili katika sufuria moja, kwa sababu nusu zitavurugika huku nusu bado zinakataa meno. Kipimo ni ncha ya kisu: toa firigisi moja iliyo nene zaidi, choma katikati. Kisu kikiingia bila kulazimishwa, tayari. Kikisukumwa nyuma, rudisha sufuria na uongeze dakika kumi na tano.

Dada yako kuhusu zile saa mbili hakukosea, ila anapika mahali pengine. Nairobi iko juu, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na huko maji huchemka yakiwa na joto la kama sentigredi 94 au 95. Sisi hapa pwani tuko usawa wa bahari, maji yetu hufika 100. Tofauti hiyo kwa chai haina neno, lakini kwa kitu kinachotaka kolajeni iyeyuke inaonekana. Firigisi za broila hapa Mombasa hazihitaji saa mbili, na ukizipa zote utapata vipande vinavyobomoka.

Na usidhani kuchemsha kwa fujo kunaharakisha. Maji yakishachemka, joto lake halipandi tena hata ukiufungua mkaa wote upepee. Unachopata ni mvuke mwingi, maji yanayokauka na gesi inayokwisha. Punguza moto mpaka uone maji yanatokota kidogo kidogo pembeni, funika sufuria, uendelee na shughuli zako.

Kuhusu chumvi, hapo dada yako amebeba jambo linalosemwa na wengi, nami nimelisikia tangu niko mwanafunzi wa upishi. Chumvi kwa kiasi cha kawaida haikazi nyama. Kinyume chake, huisaidia nyama kushika maji na huingia ndani taratibu kadiri inavyochemka. Firigisi iliyochemshwa bila chumvi kisha ikatiwa chumvi kwenye mchuzi huwa na ladha juu na ukavu wa ladha ndani. Kijiko kimoja cha chai kwa kilo moja, tangu mwanzo, kinatosha. Utaongeza mwishoni ukionja. Usizidishe tu, kwa sababu supu hiyo utaitumia tena na itazidi kukolea.

Magadi yanalainisha, siwezi kukataa. Yanafanya maji yasiwe na ukali wa asidi hata kidogo, na protini za nyama katika maji hayo hushika unyevu zaidi na kuachia upesi. Lakini angalia unavyolipa. Yakizidi kidogo tu, mchuzi una ladha ya sabuni. Manjano ikikutana nayo hugeuka rangi kuwa ya wekundu wa kutu, na mchuzi uliotarajia kuwa wa dhahabu unakutazama na uso mwingine. Tena magadi yanaongeza sodiamu, jambo ambalo mtu mwenye presha hafai kuongezewa bila kujua. Kwa maharagwe makavu naelewa mtu akitia chembe. Kwa firigisi sioni haja, maana muda unaifanya kazi hiyo bila gharama yoyote kwenye ladha.

Papai bichi la wifi yako ni elimu ya kweli ya pwani yetu, ila limepelekwa kwenye kitoweo kisicho chake. Ndani ya utomvu wa papai bichi kuna kimeng'enya kiitwacho papaini, kinachokata protini vipande vipande. Hufanya kazi vizuri zaidi nyama ikiwa na joto la vuguvugu kuelekea la moto, kati ya sentigredi 50 na 70, na joto likizidi 80 huzimika. Tena haliingii ndani sana, linakaa juu. Kwa mishkaki ni zuri mno, kwa sababu vipande ni vidogo, vinakaa dakika chache juu ya makaa na huhitaji kulainika kwa haraka. Firigisi nzima ukiipaka, utapata ngozi ya nje iliyolegea kama uji na moyo uleule mgumu. Ukitaka kukaanga firigisi bila kuchemsha, zikate nyembamba kabisa, paka kijiko kimoja cha chai cha papai lililoparuzwa kwa kilo, ziache nusu saa tu. Kwa mchuzi, achana nalo.

Kuna jambo moja hujaliuliza lakini lazima niliseme, kwa sababu linazunguka mitaani: wapo wanaotia vidonge vya kutuliza maumivu kwenye nyama ngumu ili iive upesi. Usithubutu, na ukijua mahali panapofanywa hivyo usile. Parasetamo ikizidi kipimo huharibu ini la mtu, na hakuna anayejua ni kiasi gani kimebaki kwenye sahani ya mtoto.

Tuje kwenye harufu. Harufu mbaya ya firigisi haitoki kwenye firigisi safi; inatoka kwenye vitu vilivyobakia juu yake. Kuna lile ganda la ndani, la manjano, lililokunjamana, ambalo husaga chakula. Hilo lazima litoke lote. Kuna mafuta ya manjano yanayong'ang'ania ukingoni; yapunguze. Na kuna nyongo. Kama aliyempasua kuku alitoboa kifuko cha nyongo, utaona doa la kijani kwenye nyama, na doa hilo hukatwa likatupwa, halioshwi likaisha, maana uchungu wake husambaa kwenye sufuria nzima. Ukinunua pale Kongowea au Marikiti zikiwa zimeshapasuliwa, bado zigeuze moja moja nyumbani. Mara nyingi ganda huachwa kwenye mikunjo, pamoja na changarawe ndogo, na changarawe hiyo ukiiuma hutasahau. Shika ukingo wa ganda kwa kucha, livute. Likikataa, chovya firigisi kwenye maji ya moto kidogo, litachomoka.

Zikague na rangi pia. Nzuri ina wekundu wa kukolea, ina unyevu, haina utelezi. Ikiteleza na kunuka kabla hata hujaigusa, rudisha. Ukiona vidonda au uvimbe usio wa kawaida juu ya msuli, usijaribu kukata na kuendelea. Mwonyeshe muuzaji na umwulize mkaguzi wa nyama wa sokoni.

Kuosha, zioshe ndani ya bakuli kwa mkono wa taratibu, pamoja na chumvi na ndimu kama ulivyozoea, kisha mwaga maji kwa uangalifu. Usizishike chini ya bomba lililofunguliwa kwa nguvu, kwa kuwa matone huruka hadi kwenye kachumbari na vyombo vilivyooshwa, nayo hubeba vijidudu kama salmonela. Ndimu inapunguza harufu. Haiui vijidudu vyote. Moto ndio unaoviua, nyama ikifika joto la sentigredi 74 hadi ndani, na firigisi iliyotokota saa nzima imeshapita hapo zamani. Ndimu pia isikae zaidi ya dakika tano, la sivyo nyama hubabuka juu ikawa nyeupe na kavu.

Baada ya hapo, zichemshe mara ya kwanza kwa dakika tano, uone povu la kijivu likipanda, kisha mwaga maji hayo yote na usuuze sufuria. Watu wengi huliruka jambo hili wakihofia kumwaga ladha. Ladha unayomwaga ni ile usiyoitaka. Rudisha firigisi, tia maji mapya yazifunike kwa vidole viwili, chumvi, kipande cha tangawizi kilichopondwa, punje chache za pilipili manga, kitunguu maji kimoja kilichokatwa nusu, na kijiti cha mdalasini ukipenda. Usitie tungule bado. Funika, moto wa pole, mpaka ncha ya kisu ikubali. Hiyo supu inayobaki ichuje uiweke. Ndiyo nguvu ya mchuzi wako.

Kama una sufuria ya presha, dakika ishirini hadi ishirini na tano baada ya kuanza kupiga filimbi zinatosha kwa broila, kwa sababu ndani yake joto hupanda kupita 100, hadi karibu 120. Inaokoa gesi sana. Iache mvuke utoke wenyewe kabla hujafungua. Na ikiwa mpira wa mfuniko umepasuka au mvuke unavuja pembeni, usiifunge kwa kitambaa. Mpelekee fundi au nunua mpira mpya. Watu wameungua vibaya kwa sufuria hizi.

Sasa kuunga, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo firigisi za mumeo za kibandani zinapotofautiana na za nyumbani. Kwa kilo moja, kata vitunguu maji vitatu vyembamba. Tia mafuta vijiko vinne au vitano vya mezani. Usiogope, firigisi zenyewe hazina mafuta mengi. Kaanga vitunguu kwa moto wa kadiri hadi vigeuke rangi ya hudhurungi yenye kung'aa, robo saa hivi. Usiishie pale vinapolainika tu. Utamu wote wa rojo unatoka hapa, na mtu mwenye haraka hapa hawezi kuusahihisha baadaye kwa viungo. Kisha tia kitunguu thomu na tangawizi vilivyotwangwa, koroga kwa dakika moja, visiungue. Thomu iliyoungua ina uchungu usiofichika.

Halafu ndiyo bizari. Kijiko kimoja cha chai cha dania ya unga, nusu ya bizari nyembamba, nusu ya manjano, nusu ya pilipili manga, na iliki mbili tatu zilizopasuliwa. Harufu ya viungo hivi hukaa ndani ya mafuta yake, na mafuta hayo hayakubaliani na maji. Ukivimwaga kwenye mchuzi uliokwisha chemka, vinaelea na kubaki na ladha ya unga mbichi. Kwenye mafuta ya moto hufunguka kwa nusu dakika. Lakini unga huungua upesi, kwa hiyo uwe na tungule karibu, nne au tano zilizoparuzwa, uzitie mara tu harufu inapopanda. Pika tungule hadi zivunjike, maji yake yakauke, na mafuta yajitenge pembeni mwa sufuria. Ukiona mafuta yamejitenga, rojo limeiva. Kabla ya hapo, lina ukali wa tungule mbichi ambao hakuna sukari inayouponya vizuri.

Tia firigisi, zilizokatwa vipande viwili au vitatu, uzigeuze ndani ya rojo kwa dakika kumi bila supu. Hatua hii ndogo naiona muhimu kuliko viungo vya ziada: rojo hushika juu ya nyama, ukingo wake unakolea. Kisha tia supu kidogo kidogo kwa upawa, hadi uzito unaoutaka. Zile za kibandani kwa kawaida hubakizwa kavu, zikamaliziwa kwa pilipili mboga zilizokatwa mistari na kotmiri nyingi, na wala haziguswi na nazi. Kama lengo ni kumfurahisha mume, ishia hapo.

Tui lako lilikatika kwa sababu mbili zilizokutana. Tui ni mafuta ya nazi yaliyotawanyika ndani ya maji, yakishikiliwa na protini kidogo. Moto mkali huzigandisha protini hizo, na ukali wa tungule mbichi, ndimu au ukwaju huzigandisha zaidi. Basi mafuta hujitenga na chembe hubaki. Likikatika haliharibiki, linalika, ila halipendezi machoni. Ukilitaka Ijumaa, tia tui jepesi mahali pa nusu ya supu na ulikoroge hadi litokote. Kasimile, lile tui zito la kwanza, subirisha hadi dakika tano za mwisho, punguza moto, mimina taratibu huku ukikoroga upande mmoja, usifunike, na liepue likianza tu kutokota. Ukwaju, kama utautia, uingie na tungule, upikwe ukomae, usiwe wa kumalizia. Maoni yangu ni kwamba firigisi na ukwaju huelewana kuliko firigisi na nazi, kwa sababu nyama hii ina ladha nzito inayotaka kitu kikali cha kuikata. Lakini wageni na wali mweupe huja kwa nazi, na sitakulaumu.

Pilipili: ukali wake, kapsaisini, uko zaidi kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu. Huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Ukikata pilipili mbuzi ukaikaanga mwanzoni na vitunguu, mafuta yote huchukua ukali na hakuna namna ya kuutoa. Kwa nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu, iache pilipili nzima, na kikonyo chake, ielee kwenye mchuzi dakika kumi ikitoa harufu, uitoe kabla haijapasuka. Mumeo mtengenezee pilipili ya ukwaju pembeni, aimwagie kadiri anavyotaka. Mtoto akiwashwa, mpe maziwa au mtindi. Maji huusambaza tu. Vipande vya mtoto vikate vidogo sana, kwa kuwa nyama hii ikitafunwa vibaya humezwa nzima na inaweza kumkaba.

Wauzaji wengine hukuuzia firigisi zikiwa pamoja na maini. Yatenge. Ini linaiva kwa dakika sita au saba na likizidi hapo linakuwa unga mkavu, hivyo litie mwisho. Na kama kuna mgeni mjamzito, ini asilizidishe kwa sababu ya vitamini A iliyo nyingi mno ndani yake. Firigisi hazina shida hiyo.

Baba mkwe. Firigisi zina protini nyingi, madini ya chuma na zinki, mafuta machache, lakini kolesteroli yake ni kubwa na ziko kwenye kundi la vyakula vyenye purini. Mwili unapovunja purini hutoa asidi ya yuriki, na kwa mwenye jongo asidi hiyo ikizidi hujikusanya viungoni ikawa fuwele zinazouma. Sehemu ya purini hutoka na kuingia kwenye maji ya kuchemshia, ndiyo maana supu kwake ni mbaya zaidi kuliko vipande. Nani anaweza kusema vipande vingapi ni salama kwake? Daktari wake, aliyemwona na kumpima, si mimi ninayesoma barua. Mwambie amwulize, na asiache dawa zake ili apate nafasi ya kula. Kidole gumba cha mguu au goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto, hasa akiwa na homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa maambukizi kwenye kiungo hufanana sana na jongo.

Usimwache mezani bila kitu, lakini. Rojo likishaiva na mafuta yakajitenga, kabla hujatia firigisi wala supu, chota kiasi uweke kwenye kaango dogo na umwungie mayai ya kuchemsha, na tui ukipenda. Mayai yana purini kidogo sana, na mzee atakula kitoweo chenye mkono uleule wa nyumba yako.

Kwa hiyo Alhamisi jioni safisha firigisi na uzichemshe hadi ziwe laini kabisa. Zimwage pamoja na supu yake kwenye vyombo vipana visivyo na kina ili zipoe haraka, uziweke kwenye friji ndani ya saa mbili. Jikoni pakiwa na joto linalozidi sentigredi 32, kama miezi ya Februari na Machi, usipitishe saa moja. Nazi ikune Ijumaa asubuhi, si Alhamisi, maana tui huchacha upesi kwa joto letu. Vitunguu vianze saa tano, rojo la baba mkwe ulitenge, firigisi ziingie na zichemke kabisa kabla hujapunguza moto, na kasimile uitie wageni wakishafika na kunawa mikono. Yatakayobaki yarudi kwenye friji bila kuchelewa, yapashwe mara moja tu hadi yachemke. Stima ikikatika usiku na friji ikapoteza ubaridi kwa muda usiojulikana, yamwage. Mtu akiharisha damu, akiwa na homa, au mtoto akikataa kunywa na macho yakaingia ndani, msingoje dawa ya dukani, nendeni zahanati.